Lake Fork mwishoni mwa Novemba: nenda, ila usivute kama unavuta sangara

Mkuu, umeuliza kama kuna maana kwenda kuvua ziwani mwezi wa kumi na moja hapa Texas, au usubiri majira ya kuchipua kwa sababu jamaa zako wamekuambia baridi ikiingia samaki wanalala. Nakujibu kwa safari yangu ya mwaka jana, Jumamosi ile baada ya Thanksgiving (sikukuu ya Wamarekani ya mwisho wa Novemba), Lake Fork, kama saa moja na nusu kwa gari mashariki ya Dallas. Mimi nimekulia Mwanza, nikajiona samaki nawajua. Siku ile niliumbuka.

Nilikwenda na mzee mmoja wa hapa hapa tunayefanya naye kazi ghalani, yeye ana boti. Tumeingia majini jua ndiyo kwanza linachomoza, ukungu umelala juu ya maji, nimevaa makoti mawili na vidole sivisikii. Ziwa lenyewe ni bwawa, lipo tangu 1980, na miti mingi waliiacha imesimama walipojaza maji. Kama umewahi kupita Mtera ukaona ile miti mikavu katikati ya maji, basi picha ndiyo hiyo.

Kwenye miti hiyo ndiko wanakokaa kropi, samaki wa kula wa huku (wanaandika crappie, kwa a, ila wengi wanatamka kwa o). Hawajalala. Maji yakishapoa wanaacha kandokando na kushuka kwenye kina, wanajikusanya kundi zima kwenye mti mmoja. Mti wa jirani unaweza kukosa hata mmoja. Kwa hiyo usipoteze asubuhi nzima sehemu moja: dakika kumi bila kuguswa, hama.

Sasa kina. Mzee alikuwa na sona, mashine inayoonyesha samaki chini ya maji, tukaona maji ni pima tano (pima moja ni futi sita) na samaki wako kama pima nne. Mimi kwa akili ya nyumbani nikateremsha ndoana hadi chubwi ikagusa chini, nikapandisha kidogo. Kimya. Yeye ameshatoa wanne. Ndipo akaniambia kropi anatazama juu, hainami kuokota chakula. Chambo kikipita chini yake ni kama hakipo. Nikapandisha hadi pima tatu na nusu, nikaacha kitulie. Kweli kitulie, usikitingishe kama unaita kuku.

Nikaguswa. Hapo nikafanya ujinga wangu: nikapandisha fimbo kwa nguvu kama navuta sangara. Nikabaki na ndoana tupu. Wa pili hivyo hivyo, wa tatu hivyo hivyo. Mdomo wa kropi ni mwembamba kama karatasi, unachanika. Mzee alicheka hadi akaweka kahawa chini. Unachotakiwa ni kuinua fimbo taratibu, kama unanyanyua kikombe kilichojaa, halafu unazungusha mshipi bila kusimama. Chambo tulitumia vidagaa hai vya dukani, na vijigi vidogo, yaani ndoana zenye risasi na manyoya. Kwa anayeanza, hai ni bora, vinafanya kazi wewe ukijipasha moto.

Kuhusu sheria, hapa soma vizuri. Kropi wa kubeba lazima afike inchi 10, na mwisho ni 25 kwa siku. Wadogo tuliwarudisha, na ndicho kitu kilichonikera siku ile. Samaki aliyetolewa pima nne anafika juu kibofu chake cha hewa kimevimba, ukimwachia anaelea ubavu, hawezi kuzama tena. Shakwe wanajua, walikuwa wanatusubiri nyuma ya boti. Kwa sababu hiyo hiyo, Lake Fork kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari hakuna kipimo cha inchi: kila kropi unayemtoa unabaki naye, mkubwa kwa mdogo, ukifika 25 umemaliza. Mimi naona hiyo sheria ina akili kuliko nyingi nilizowahi kuziona.

Besi (bass, samaki mwingine wa ziwa hili, anayekula samaki wadogo) tuliwafuata mchana, kama saa nane, jua limepasha maji kidogo. Wao wanafuata vishedi, samaki wadogo wang'aavu wanaoingia kwenye mikono ya ziwa kipindi hiki. Ukiona ndege wanajitupa majini, elekea huko. Nilipata mmoja kwa samaki wa bandia mwenye gololi tumboni, namvuta polepole sana. Tumempima: inchi 18. Hapo Fork, kuanzia inchi 16 hadi 24 ni marufuku kubeba. Nikamwangalia, akaniangalia, nikamwachia. Chini ya 16 unaruhusiwa, lakini nilipouliza habari ya kumkaanga, mzee alinitazama kana kwamba nimetaja kumla mbwa wake. Kwao besi ni wa mchezo.

Na usidhani kina cha kropi ni cha samaki wadogo tu. Besi mkubwa kuliko wote waliowahi kupimwa Texas, pauni 18.18, alitoka ziwa hili hili Januari 1992, na mvuvi aliyemtoa alikuwa anatafuta kropi kwa kidagaa hai, maji ya futi 42. Pima saba, mkuu, katikati ya baridi.

Leseni ya kuvua maji baridi (yaani yasiyo ya chumvi) nililipa dola 30 kama mkazi; ukiwa hujatimiza miezi sita jimboni utalipa zaidi. Inakwisha Agosti 31, na sheria nazo huweza kubadilika kila Septemba, kwa hiyo angalia upya kabla ya kwenda.

Tulirudi na kropi kumi na tisa. Mzee anawapaka unga wa mahindi, ule ule wa ugali, anawatosa kwenye mafuta. Mimi niliongeza ndimu na pilipili, na ugali pembeni. Nyama yake nyeupe, laini kuliko sato, na nasema hivyo nikijua watu wa Mwanza watanishambulia hapa. Ukienda kuanzia tarehe 1 Desemba, chukua deli kubwa, wadogo nao utarudi nao.