Muulize Fundi: Saa ya taa za Nixie

Barua kuhusu saa za taa za Nixie zimekuwa zikinifikia hapa Moshi moja moja, nikaona nizijibu pamoja. Kwa asiyezijua: ni taa ya kioo yenye namba kumi za waya ndani yake, na namba inayopewa umeme huzungukwa na mwanga wa rangi ya chungwa. Kampuni ya Burroughs ya Marekani ilizitoa sokoni mwaka 1955, zikatumika kwenye mashine za kuhesabia na vipimo vya maabara, hadi miaka ya 1970 taa za LED zilipochukua nafasi yake. Nyingi tunazozipata leo ni akiba ya zamani. Ukiiua moja kwa haraka zako, umepunguza akiba hiyo. Kwa hiyo nisameheni nikirudia tahadhari.

*Shikamoo fundi. Nasoma ufundi umeme Arusha, naishi Sakina. Kutoka kwenye kipimo kibovu cha maabara nimetoa taa sita zilizoandikwa ИН-12 kwa herufi za Kirusi. Mwenzangu ananishauri nipitishe umeme wa ukutani kwenye dayodi nne na kapasita, niziwashe moja kwa moja. Ni sawa?*

Marahaba mwanangu. Si sawa, na nakuomba usijaribu hata mara moja. Volti 230 za ukutani zikishapita kwenye dayodi, zinazopitisha umeme upande mmoja tu, na kujaza kapasita, inayohifadhi chaji, zinafika kama volti 325, na hapo hakuna transfoma inayokutenga na laini. Kila kitu ndani ya saa hiyo, hata kitufe cha kurekebisha dakika, kinakuwa kimeungwa na waya wa TANESCO. Taa zitawaka, tena vizuri, na hilo ndilo linalowadanganya watu.

Elewa kwanza taa yenyewe inavyofanya kazi. Haina waya wa kupashwa moto kama valvu za redio. Ndani mna gesi ya neoni kwa mgandamizo mdogo, wavu mwembamba ambao ndio anodi, na katodi kumi zenye umbo la namba zimepangwa moja nyuma ya nyingine. Chanya inaenda kwenye wavu, hasi kwenye namba unayoitaka. Ikifika kama volti 170, gesi iliyo karibu na namba hiyo inakubali kupitisha umeme na kung'aa. Ikishawaka, volti kati ya anodi na katodi hushuka hadi karibu 140 na kutulia hapo. Zinazobaki lazima zibebwe na rezista, kipande kinachozuia mkondo usizidi. Ukiisahau rezista, mkondo unapanda bila kizuizi na taa inaharibika.

Hesabu yake ni fupi. Ukiwa na volti 180, toa 140, zinabaki 40. ИН-12 inataka miliampea 2.5, kwa hiyo 40 gawanya kwa 0.0025 unapata ohms 16,000. Mimi huweka 22,000, ambayo inatoa miliampea 1.8 hivi. Angalia namba kuanzia ncha hadi ncha: kama imevaa mwanga wote bila pengo, ya nini kuiongezea mkondo? Kila taa iwe na rezista yake kwenye anodi.

Volti 180 hizo utazipata kutoka kwenye adapta ya volti 12, kwa saketi ya kupandisha volti. Chipu ya MC34063, koili ya mikrohenri 100, mosfeti (transista ya kuwasha na kuzima kwa kasi) ya IRF740, dayodi ya kasi kama UF4004, na kapasita ya mikrofaradi 4.7 inayovumilia volti 350 au 400. Dayodi ya 1N4007 ambayo kila duka la vipuri inayo inafunga polepole mno kwa kazi hii, itachemka. Taa sita kwa miliampea 2.5 ni wati 2.7 tu, hivyo adapta ya ampea moja inatosha na kubaki.

Kuanzia na volti 12 hakufanyi 180 ziwe salama. Weka rezista ya ohms 470,000 sambamba na kapasita, ili ukizima chaji iishe yenyewe ndani ya sekunde kumi hivi. Na kabla hujagusa, pima kwa mita. Sanawari au Unga Limited, popote utakapofanyia kazi, hakikisha kuna mtu jirani.

Za kuchagulia namba, tafuta chipu ya Kirusi K155ID1, iliyoundwa kwa taa hizi hizi: unaipa nyaya nne za namba, yenyewe inafungua katodi moja kati ya kumi. Ukiikosa, transista za MPSA42 zinavumilia volti 300, ila utahitaji kumi kwa kila taa, na kulehemu kutakuchosha. Na ukiona kwenye ИН-12 zako ile 5 ni 2 iliyopinduliwa juu chini, usidhani umeuziwa feki. Walizitengeneza hivyo.

*Habari za kazi fundi. Mwanangu aliniletea kutoka Ujerumani saa ya taa hizi. Inaonyesha saa, halafu kwa sekunde chache tarehe. Kila tarehe 30 na 31 ile namba 3 inawaka nusu ya juu tu, chini giza. Fundi mmoja kaniambia taa imekufa. Ni kweli? Mama wa Rau, Moshi.*

Njema, mama. Taa yako haijafa, usiitupe. Nimefurahi umeeleza ni tarehe zipi, maana jibu liko humo humo.

Taa ya kwanza kushoto inaonyesha makumi ya saa. Siku nzima inawaka 0 kwa saa kumi, 1 kwa saa kumi, na 2 kwa saa nne. Hiyo 3 hupata sekunde zake chache mwishoni mwa mwezi tu, na Februari haipati kabisa. Sasa, namba inayowaka hupigwa na chembe za gesi zenye umeme, na chembe za chuma chake huruka na kutua kwenye namba za jirani ambazo hazijawashwa. Namba iliyokaa muda mrefu bila kazi hujaa uchafu huo, na palipochafuka hapawaki.

Dawa ni kuiwasha. Mapigo yale yale yaliyoichafua yataisafisha ikiwa yenyewe ndiyo inayowaka. Mwombe mwanao atafute kwenye mipangilio ya saa mahali pa kuwasha namba moja muda mrefu, aiache 3 iwake saa kadhaa, ikibidi usiku mzima, utaona giza linapungua taratibu. Baadaye aiweke saa izungushe namba zote kumi kwa dakika chache kila usiku wa manane. Saa yoyote isiyo na zoezi hilo naihesabu haijakamilika.

Ukiona rangi ya zambarau pembeni mwa namba, usiogope. Wengi wa watengenezaji waliweka zebaki kidogo ili katodi zidumu. Ila taa ikivunjika, fungua madirisha, watoe wajukuu chumbani, okota vipande kwa karatasi ngumu na usifagie.

*Mimi ni seremala Majengo. Mteja anataka sanduku la mninga kwa saa ya namna hii. Nilifunge kote?*

Hapana. Acha matundu nyuma, kwa sababu saketi ya kupandisha volti hupata joto hata kama taa zenyewe ni vuguvugu. Mfuniko ufunguke kwa bisibisi tu, kwa ajili ya watoto. Usiibane taa kwa mbao. Kile kichuchu cha kioo walichozibia gesi ndicho dhaifu kuliko sehemu zote. Mninga unapendeza, lakini mkangazi ni mwepesi kuuchonga.

*Fundi, mimi ni dereva wa watalii, naishi Ngarenaro, Arusha, na najifunza Arduino, ile bodi ndogo ya kompyuta unayoiandikia programu. Naweza kuifanya saa ionyeshe saa ya Kiswahili? Na umeme ukikatika?*

Unaweza, kaka, na natamani kila anayeunda saa hizi hapa kwetu afikirie hivyo. Chipu ya DS3231, ile ya kutunza saa, iache ihesabu saa ya kawaida, usiiguse. Geuza pale tu unapotuma namba kwenye taa: chukua saa ya mfumo wa 24, ongeza 6, gawanya kwa 12, chukua baki, baki likiwa 0 andika 12. Saa 7 inakuwa 1, saa 13 inakuwa 7, saa 18 inakuwa 12 jioni, na 0 ya usiku wa manane inakuwa 6. Umeme ukikatika, betri ya CR2032 inaendelea kuitunza, na chipu hiyo ikikosea haizidi kama dakika moja kwa mwaka.

Kuna jambo moja la kuangalia. Kwa mpangilio huo taa ya makumi haitawaka chochote isipokuwa 1, saa kumi, kumi na moja na kumi na mbili. Ndiyo yale yale ya mama wa Rau, kwa hiyo zoezi la usiku kwako ni lazima.

Kutofautisha saa moja asubuhi na saa moja usiku, weka kitaa kidogo cha neoni, kama kile cha ndani ya testa ya mafundi umeme au cha kwenye swichi ya pasi. Kinaanza kuwaka kati ya volti 60 na 90, kwa hiyo kipe umeme kutoka kwenye zile 180 kupitia rezista ya ohms 220,000, na transista moja ya MPSA42 upande wa hasi ikiwashe kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi kumi na mbili asubuhi.