Jaji mpya wa hadithi za watoto, usitoe alama kabla ya ukurasa wa mwisho

Ndugu yangu, usithubutu! Umeuliza alama zigawanywe vipi na posho ya jaji ni kiasi gani, halafu ukasema umepewa wiki tatu kusoma miswada 60 ya bunilizi za watoto (hadithi za kubuni zenye maajabu au sayansi), na katika kila mmoja utasoma kurasa kumi za mwanzo tu, "kupata ladha". Hapo ndipo nilipoharibu mimi.

Mwenyekiti wa jopo letu alisema kurasa kumi zinatosha, eti hata tuzo kubwa za Marekani hufanya hivyo. Ni msomi, amenizidi umri, nikamwamini. Mswada mmoja ulianza vizuri mno: binti wa mvuvi anaongea na bahari, ila kila akiongea nayo anamsahau mtu mmoja anayempenda. Nikaupa 92. Ukashinda, ukachapwa, nami nikaalikwa kuwasomea watoto wa darasa la tano.

Walitulia tuli. Katikati ya kitabu binti akawa anaongea na bahari apendavyo, hasahau mtu. Mtoto mmoja akanyoosha kidole: "Mwalimu, mbona bado anamkumbuka bibi yake?" Nikakosa jibu. Kufika mwisho, binti anaamka usingizini, kumbe yote ndoto. Darasa zima likaguna. Niliporudi nyumbani nikafukua rundo la miswada. Kulikuwa na hadithi ya mvulana na roboti ya kuchota maji, iliyoanza kwa kusuasua lakini ikashika sharti lake, yaani kanuni iliyojiwekea mwanzoni, mpaka nukta ya mwisho. Mwandishi wake hatukumpa hata barua. Hilo linaniuma mpaka leo.

Na yule mwenyekiti sijamsamehe. Nimekuja kufuatilia: Lodestar, tuzo ya vitabu vya bunilizi vya vijana ambayo mwaka 2018 ilitolewa kwa mara ya kwanza na kwenda kwa mwandishi Nnedi Okorafor, hupigiwa kura na wanachama wa Worldcon, kongamano la dunia la bunilizi za kisayansi. Haina jopo la kurasa kumi!

Bunilizi humwekea mtoto sharti mwanzoni, na deni hulipwa mwishoni. Utajuaje kama limelipwa kama hukufika? Kila mswada, andika sharti lake kwenye daftari, ulifuatilie hadi mwisho, ndipo utoe alama. Wiki tatu hazitoshi, omba ziongezwe au aongezwe jaji. Waandaaji wakikataa, warudishie miswada yao leo, kabla hujatia saini popote.