Giacchino: kaka yako hajakosea sana

Nimekuelewa ndugu yangu. Kaka yako anasema Michael Giacchino, mtunzi wa muziki wa filamu, hajawahi kuipita kazi yake ya tamthilia ya Lost, wewe unashikilia Up, ile filamu ya katuni iliyompa Oscar mwaka 2010, na sasa chakula cha jioni kimegeuka mahakama.

Samahani, mimi niko na kaka yako. Kwenye Lost alijinyima vyombo: nyuzi, tromboni, kinubi, piano na vya kugonga, tena baadhi ya vyuma vilivyogongwa vilitoka kwenye bodi la ndege! Sikiliza kipindi kinapokatwa ghafla, ile tromboni inavyoteleza kushuka. Tumbo linashuka nayo.

Ila usisalimu amri bado. Pigeni ule muziki wa ndoa ya Carl na Ellie kwenye Up, kisha ule wa vifo wa Lost, yote bila picha. Mtazame nani anameza mate.

Tahadhari: Lost ilikuwa na misimu 6 ya kutuzoesha muziki wake, Up ina saa moja na nusu tu, kwa hiyo mazoea yanapiga kura pia. Na mlio wa ufunguzi wa Lost aliutunga J.J. Abrams, mmoja wa waanzilishi wa tamthilia hiyo, si Giacchino. Kaka akiutaja kama ushahidi, umeshinda.