Bima ya Afya kwa Mwenye Kipato cha Siku

Baba yangu alifanya kazi katika bandari ya Kilindini, Mombasa, na mchango wake wa NHIF, bima ya afya ya taifa ya Kenya wakati huo, ulikatwa kabla mshahara haujamfikia mkononi, kwa hiyo nyumbani kwetu Changamwe hatukuwahi kujadili iwapo tuwe na bima. Shangazi yangu wa Likoni, aliyeuza samaki wa kukaanga, alilazimika kutoa shilingi 500 za kila mwezi mwenyewe, baada ya kodi ya nyumba na karo. Alipolazwa kwa upasuaji, alikuwa hajalipa kwa miezi minne, ikabidi ukoo mzima uchange. Kwa miaka mingi niliamini kwamba alipuuza, na imani hiyo inaniuma hadi leo, kwa sababu baba naye hakuchagua chochote. Mwajiri wake ndiye aliyemchagulia.

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, nafasi ya NHIF imechukuliwa na SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara ghafi, kwa hiyo anayepata shilingi 40,000 hutoa 1,100 kila mwezi. Asiye na mwajiri huulizwa maswali kuhusu nyumba anamoishi na mali aliyo nayo, kisha hupangiwa kiwango ambacho hakipungui shilingi 300 kwa mwezi, ila hutakiwa alipe ya mwaka mzima kwa mkupuo, yaani si chini ya 3,600. Anayehesabu mauzo yake kila jioni anadaiwa fedha ya mwaka. Tatizo la shangazi limebaki palepale. Upo mpango wa Lipa SHA Pole Pole, lakini huo ni mkopo, na masharti yake yasomwe kwanza.

Binamu yangu anauza viazi karai Kongowea, naye alipangiwa kiwango cha chini. Nilimshauri atenge shilingi 10 kila siku, nazo zikae kwa mweka hazina wa chama chao cha kuchangiana kwa zamu, si nyumbani ambako zingeliwa na unga. Wenzake waliposikia hesabu hiyo, walikubaliana kwamba kila apokeaye zamu alipe kwanza bima yake. Kilichotuchelewesha ni kumwandikisha mwanawe mdogo, ambaye hakuwa na cheti cha kuzaliwa, na tulikifuatilia kwa wiki tatu. Kwa hiyo, msomaji mwenye watoto, anza na vyeti vyao hata kabla hujaanza kuweka akiba.