Barua kwa mwanangu: Kaini alioa nani?

Mwanangu mpendwa,

Barua yako ina maswali mawili. La kwanza umeliandika wazi: ikiwa Adamu na Hawa ndio watu wa kwanza, na Kaini ni mtoto wao, mkewe alitoka wapi? La pili umelitupia mwishoni kama utani: “Au ni hadithi tu, mama?” Nakujua. Hilo la pili ndilo linalokunyima usingizi.

La mke wa Kaini lina jibu la zamani. Mwanzo 5:4 inasema Adamu alizaa wana, waume na wake, kwa hiyo wengi, akiwemo Agostino, askofu na mwalimu wa Kanisa, katika karne ya tano, walisema Kaini alioa dada yake. Yawezekana, ila mimi halijawahi kunitosheleza. Kaini akihukumiwa analia kwamba yeyote atakayemwona atamwua. Yeyote yupi? Halafu anajenga mji. Mji wa nani, wa mke na mtoto mmoja? Msimulizi anaongea kana kwamba dunia imeshajaa watu, wala hahangaiki kutueleza walikotoka. Habari iliyomleta ni ya ndugu kumwua ndugu yake, na damu inayolia kutoka ardhini. Ukimdai orodha ya ukoo hapo, unamdai asichokuja nacho.

Tazama pia sura mbili za kwanza. Katika ya kwanza mimea inatangulia, wanyama wanafuata, mwanadamu anakuja mwisho, mume na mke kwa pamoja. Katika ya pili mwanamume anaumbwa kabla mche wowote wa kondeni haujachipuka, ndipo wanakuja wanyama, na mwanamke mwisho. Waliozipanga sura hizo ubavu kwa ubavu walikuwa na macho kama sisi. Waliona hazilingani, wakaziacha zote mbili, nami nawashukuru kwa uaminifu huo.

Nawe usikubali ukiambiwa kwamba kusoma hivi ni kuwakimbia wanasayansi. Darwin alitoa kitabu chake cha mabadiliko ya viumbe mwaka 1859. Origene, mwalimu wa Kanisa la kale, katika karne ya tatu alikuwa ameshauliza ni mtu gani mwenye akili atakayeamini kwamba siku tatu za kwanza zilikuwa na jioni na asubuhi bila jua, maana jua linatajwa siku ya nne. Hesabu za miaka nazo ndivyo hivyo. Askofu mkuu James Ussher wa Ayalandi alijumlisha umri wa mababu na mengine, na mwaka 1650 akatangaza kwamba ulimwengu uliumbwa mwaka 4004 kabla ya Kristo. Alifanya kazi kwa bidii, sibishi. Lakini maandiko ya Kiebrania yanasema Adamu alimzaa Sethi akiwa na miaka 130, na tafsiri ya kale ya Kigiriki inasema 230. Ujumlishe ipi?

Sasa hilo la “hadithi tu”. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Soma Mwanzo 9, Nuhu alipolewa akalala uchi hemani. Aliyemwona ni Hamu, lakini anayelaaniwa ni Kanaani, mwana wa Hamu. Rangi ya ngozi haitajwi popote, wala bara la Afrika. Hata hivyo, kwa karne nyingi watu waliokwenda kanisani kila Jumapili waliigeuza sura hiyo kuwa “laana ya Hamu”, wakafundisha kwamba watu weusi waliumbiwa utumwa. Na wengi wao ndio waliojisifu kwamba wanasoma neno kwa neno! Walimu wa Kiyahudi, katika Mishna, mkusanyo wa mafundisho yao ya sheria uliokamilika yapata mwaka 200 baada ya Kristo, walimtazama Adamu wakaona kingine kabisa: kwamba mtu mmoja aliumbwa peke yake ili pasiwe na wa kumwambia mwenzake, “Baba yangu ni mkuu kuliko baba yako.” Kwa hiyo mtu akiniambia habari za mababu hawa ni jambo dogo, namwuliza amesoma historia ipi.

Mimi naamini Mungu aliumba. Kwa siku ngapi na kwa njia gani, nawaachia wanaochimba miamba na kupima nyota, na imani yangu haijapungua kwa hilo. Baba yako haoni hivyo kabisa, unajua. Mwulize mwenyewe mkikutana, naye ana hoja zake.

Mjukuu wangu akianza kuuliza, mwambie Mwanzo haisemi mke wa Kaini alikuwa nani. Atavumilia, watoto huvumilia kutojua kuliko sisi. Ila usimwachie hapo kwa Kaini. Msomee mpaka kwa Lameki, mzao wa Kaini, anayejigamba mbele ya wake zake wawili kwamba amemwua mtu, na kwamba atalipiziwa kisasi mara sabini na saba. Wahubiri wengi huiruka sehemu hiyo. Kisha uniandikie unavyofikiri: kwa nini nyumba hiyo hiyo ya Lameki ndiyo inayotajwa kumtoa baba yao wapigao kinubi na filimbi?

Mama yako