Nimepungua kilo 47, mume kanuna: je, nirudishiwe tumbo langu?

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 37, naishi Tabata. Mwaka jana mwezi wa tatu nilikwenda India nikafanyiwa upasuaji wa kukata tumbo la chakula ili nipungue. Nilikuwa na kilo 126, sasa nina 79. Sukari imetulia. Lakini Shangazi, najuta. Nywele zinanyonyoka, ngozi ya tumbo na mikono inaning'inia, nikila pilau vijiko vitatu natapika. Vidonge vya vitamini niliviacha, vinanitia kichefuchefu. Usiku miguu inawaka moto na vidole vinakufa ganzi, ila hilo ni dogo.*

*Kubwa ni mume wangu. Nilitegemea afurahi, maana hata kaka mmoja wa ofisini anasema nimerudi usichana. Badala yake kanuna, ananikagua simu. Ni kweli nilimuaga kwamba naenda Dubai kufuata mzigo, kwa sababu ningesema ukweli angekataa, na pesa nilitoa kwenye akaunti ya kiwanja chetu. Alipojua aliniuliza, "Ungefia huko ningewaambia nini watoto?" Tangu siku hiyo ni salamu na hela ya mboga tu. Mama mkwe, ambaye ndiye aliyebaki na watoto, anasema nimekata alichoumba Mungu. Majirani wanasema nimekanyaga waya. Yule kaka wa ofisini anasema mwanamume anayejiamini angejivunia mke kama mimi. Je, naweza kurudishiwa tumbo langu? Na nivumilie ndoa hii au niondoke? Yule kaka anasema nisipoteze ujana wangu.*

*Mwenye Majuto, Tabata*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa yote. Naanza na hilo uliloliita dogo, kwa sababu ndilo linaloweza kukulaza kitandani huku mimi na wewe tukijadili ndoa.

Mtu aliyekatwa tumbo, anayetapika, aliyeacha vitamini, kisha miguu ikaanza kuwaka na vidole kufa ganzi, ana dalili za mishipa ya fahamu kukosa chakula chake. Mwili hauna akiba kubwa ya vitamini B1. Kwa mtu anayetapika mara kwa mara huweza kwisha ndani ya wiki chache. B12 hukaa muda mrefu zaidi kwenye ini, ndiyo maana upungufu wake huja kimyakimya, mwaka au zaidi baada ya upasuaji. Nawe umeshavuka mwaka. Ukichelewa, ganzi hiyo inaweza isiondoke tena, na upungufu wa B1 ukifika kwenye ubongo huleta kuchanganyikiwa na kupoteza kumbukumbu.

Kwa hiyo unakwenda hospitali kesho asubuhi. Usingoje mshahara. Ukifika usiseme "miguu inauma" ukanyamaza, maana utapewa dawa ya maumivu urudi nyumbani. Sema yote: nilikatwa tumbo, natapika, vitamini niliacha. Wakitaka kukutundikia dripu ya glukosi, wakumbushe kwamba B1 itangulie. Waombe wapime B12 na wingi wa damu, na wakutazame kwa kamera kama njia ya tumbo imebana, kwa sababu kutapika vijiko vitatu vya pilau baada ya zaidi ya mwaka si jambo la kuzoea. Pale hospitali ya Mloganzila wanafanya upasuaji huo huo na kuweka puto tumboni la kupunguza uzito, kwa hiyo wapo watu wanaojua tumbo la namna yako. Na vidonge kama vinakukera, zipo vitamini za kutafuna na zipo sindano. Kuacha hakumo katika hiari zako, mwanangu. Vitamini hizo utazitumia maisha yako yote, na naamini uliambiwa kabla hujapanda kitanda cha upasuaji.

Tumbo lako halirudi. Upasuaji uliofanyiwa huondoa karibu asilimia 80 ya tumbo la chakula, likabaki jembamba lenye umbo la ndizi, na kilichokatwa hutupwa. Ndani ya sehemu iliyotolewa ndimo inamotengenezwa kwa wingi homoni ya njaa, ndiyo maana miezi ya mwanzo hukutamani chakula. Maji umeyavulia nguo, yaoge. Ngozi iliyolegea hairudi kwa mazoezi wala mafuta ya nazi. Ama utaizoea, ama siku moja utaiondoa kwa upasuaji mwingine, ila si leo. Nywele huwadondoka wengi miezi ya mwanzo kwa sababu mwili umepungua ghafla, na kwa kawaida huota tena. Zako kuendelea kudondoka mpaka sasa kunanionyesha kwamba huli inavyotakiwa. Anza na yai, samaki, dagaa, maharage. Pilau lifuate, kama nafasi itakuwepo.

Sasa tuje kwenye majuto yako. Umeandika maneno mawili tu, "sukari imetulia," ukapita haraka. Mwanangu, unajua ni watu wangapi wanaamka alfajiri kujichoma sindano wakiomba wapate hayo maneno mawili? Kule Sweden, tangu mwaka 1987, wataalamu waliwafuatilia watu wapatao 2,000 waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, wakawalinganisha na wengine wanene idadi kama hiyo ambao hawakukatwa. Katika miaka iliyofuata waliokatwa walikufa wachache zaidi. Wengi wanaopita njia hiyo hawajuti, na nimesoma barua za kutosha za wanawake wanaosema wangerudia hata kesho. Wanaojuta ni wale waliopata madhara makubwa, waliorudia unene, na kundi la tatu ambalo wewe umo: waliotegemea kisu kiponye kitu ambacho hakikuwa tumboni.

Wasweden hao hao mwaka 2018 walichapisha jambo jingine ambalo kila mwenye mke au mume anayefikiria upasuaji angelijua. Waligundua kwamba waliokuwa kwenye ndoa au wakiishi na mwenza waliachana zaidi baada ya upasuaji kuliko wenzao ambao hawakukatwa. Waliokuwa peke yao, wao walipata wenza zaidi. Mwili ukibadilika kwa kasi hiyo, macho ya watu hubadilika, na kichwa cha mwenye mwili nacho hutikisika. Wewe umetikisika. Barua yako ni fupi, lakini yule kaka wa ofisini umemtaja mara tatu, na mara ya tatu anakushauri kuhusu ndoa yako. Mwanamume anayekuambia usipoteze ujana wako wakati una mume na watoto wawili hakutazami kama dada yake, na wewe unalijua hilo, ndiyo maana hukuandika mumeo anatafuta nini kwenye simu.

Kukagua simu ya mtu mzima sikusifii, hata akiwa mume. Aache. Lakini usinieleze kwamba ameanza bila sababu. Ulimdanganya nchi unayokwenda. Ulimdanganya shughuli unayoifuata. Ukachota fedha ya kiwanja, ambayo naamini na jasho lake limo, ukaenda kulazwa usingizi wa dawa ng'ambo ya bahari bila mtu wa kwenu mmoja kujua uko wapi. Upasuaji huu ni salama kwa walio wengi, ila wapo wanaovuja damu, wapo ambao tumbo huvuja pale liliposhonwa, na wapo wasioamka. Kama ungekuwa mmoja wao, mumeo angepokea simu kutoka nchi ambayo hakujua kama umefika.

Naye aliposikia, hakuuliza habari ya pesa. Hakukutukana, hakuinua mkono. Alisema, "Ungefia huko ningewaambia nini watoto?" Umeiandika sentensi hiyo kama shutuma. Isome tena taratibu. Mume wako aliogopa kukupoteza, na akaona kwamba wewe hukumwogopea yeye hata kidogo.

Kuna jambo jingine hukulitazama. Majirani wanaosema umekanyaga waya, unadhani wanakusema wewe peke yako? Mtaani kwetu mke akikonda ghafla, kidole cha kwanza humwelekea mume: amemletea Ukimwi ndani, au anamnyima chakula, au anamtesa. Mke akinenepa mume husifiwa kwamba anatunza. Huo ni ujinga wetu tuliourithi, na umewaua wengi kwa presha na sukari, lakini ndio mtaa unaoishi. Mumeo anakwenda msibani, anakwenda kazini, watu wanamtazama hivyo, na mpaka leo hajafungua mdomo kusema kwamba mkewe alikatwa tumbo kwa siri. Amebeba aibu ambayo si yake ili asiitoe siri yako. Na wewe unamlinganisha na mtu anayekusifia mbele ya mashine ya kahawa!

Mama mkwe sikubaliani naye kwamba umeharibu alichoumba Mungu. Daktari anayetoa sehemu ya tumbo ili sukari isiue figo anafanya kazi ya rehema. Lakini mama huyo alikaa na wajukuu akiamini mkwe wake yuko Dubai anafuata mzigo. Aliwaogesha, aliwapeleka shule, na alipojua ukweli alijiona amefanywa mjinga katika nyumba ya mwanawe. Maneno ya Mungu ndiyo aliyoyapata karibu. Ulimpelekea hata khanga ya asante? Hukuandika, nami sidhani.

Na hili nawaambia wengi, si wewe tu. Ndoa za siku hizi zimekuwa za wapangaji wawili wanaogawana bili ya umeme. Mke ana kikoba chake ambacho mume hakijui, mume ana kiwanja Kigamboni ambacho mke atakisikia siku ya arobaini. Simu zina namba za siri, mishahara ina namba za siri, sasa na matumbo yanakatwa kwa siri. Kwenye kicheni pati tunacheza, tunamrundikia bibi harusi masufuria na mabeseni, hakuna anayekaa naye chini kumwambia kwamba siku atakapoogopa kumwambia mumewe jambo, siku hiyo hiyo ndiyo ya kumwambia. Makungwi wa zamani walikuwa na maneno makali, lakini walimfundisha mwali kusema. Mficha uchi hazai. Wanaume nao wasikae wakitingisha vichwa: mke anayedanganya safari mara nyingi amewahi kusema ukweli akachekwa. Huenda nawe uliwahi kumwambia kwamba unene unakutesa, naye akajibu kwamba anakupenda hivyo hivyo, akidhani amekupa zawadi kumbe amekufungia mlango. Kama ilikuwa hivyo, mwambie. Ana haki ya kulisikia, na ana lake la kujibu.

Hukumu yangu ni hii. Nyumba huondoki. Tumbo hujutii, unajutia jinsi ulivyolipata, nalo hilo linarekebishika ukiwa hai na miguu inatembea. Hospitali ni kesho, na mwambie mumeo akusindikize. Usimwendee kichwa juu, mwambie, "Miguu inakufa ganzi, naogopa, twende wote." Hiyo itakuwa safari ya kwanza ya ugonjwa huu ambayo anajua mnakokwenda. Mkirudi, mtolee hesabu ya pesa ya kiwanja, shilingi kwa shilingi, na ueleze utairudishaje. Kwa mama mkwe nenda siku ya mapumziko, ukiwa peke yako, ukamwombe radhi kwa uongo wa Dubai. Na yule kaka wa ofisini abaki na salamu ya asubuhi tu. Ushauri wake wa ndoa ukome leo.

Habari ya kuondoka siijibu mpaka hayo yafanyike. Ukiandika tena, nieleze vipimo vimesemaje, na uniandikie maneno ya mumeo kama alivyoyatamka, mengi zaidi ya sentensi moja.