Kabla ya kubishania edita, jifunzeni kutoka ndani yake

Wadogo zangu wa fildi, jana mchana wawili wenu mmebishania Vim na VS Code, edita yaani programu za kuandikia na kuhariri msimbo, hadi wali maharage ukapoa. Ugomvi huu mmeukuta. vi ya Bill Joy, mama yake Vim, na Emacs ya Richard Stallman zote zilianza Marekani mwaka 1976, na mashabiki wao hawajapatana hadi leo. Bisheni tu, napenda kuwasikia. Kilichoniuma ni cha jioni: mmoja wenu kaingia kwenye seva kwa SSH, njia ya kuiendesha seva kutoka mbali kwa amri, kakwama ndani ya vi, kisha kafunga dirisha zima ili atoke. Njia hiyo naijua inakoishia.

1. Kutoka bila kuhifadhi ni Esc, kisha :q! Kuhifadhi na kutoka ni :wq. Hayo yakaririni leo leo.

2. Someni kila ujumbe hadi mwisho. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilitumwa usiku kurekebisha faili la mipangilio ya Nginx, programu inayohudumia tovuti, kwenye seva ya mteja aliyeuza tiketi za mabasi mtandaoni. Nilizoea edita ya madirisha na vitufe. Kule kulikuwa na Vim tu. Nikaanza kuandika kabla ya kubonyeza i, inayoiambia Vim kwamba sasa unaandika, herufi zangu zikageuka amri, mistari ikafutika. Kwa hofu nikabonyeza Ctrl na Z. Skrini ikarudi kwenye amri, nikaamini nimetoka. Kumbe Vim ilikuwa imesimamishwa tu, na lile faili bovu bado limo tumboni mwake.

Nikafungua faili upya. Vim ikanionya kwamba kuna faili la swp, la muda ambalo Vim huliweka wakati faili linahaririwa, huenda mtu mwingine analihariri. Nikabonyeza E, nihariri hivyo hivyo. Safari hii nikaandika vizuri, nikahifadhi, tovuti ikafunguka. Wakati wa kuaga, seva ikaniambia kuna kazi zilizosimamishwa. Nikaandika fg, amri ya kuirudisha kazi iliyosimamishwa, ikaja skrini ile ya mwanzo, nikapiga :wq. Vim ikauliza tena: faili limebadilika tangu lisomwe, kweli unataka kuliandika? Nikajibu y. Nikalala kwa amani.

Alfajiri seva ikajiwasha upya baada ya masasisho, Nginx ikakataa kuamka. Abiria wako stendi, mabasi yananguruma, tiketi hazifunguki. Dada aliyekuwa juu yangu kazini alifika, akaendesha nginx -t, amri ya kukagua mipangilio, ikamtajia mstari wenye kosa. Akaniuliza nakala ya faili la awali iko wapi. Sikuwa nayo. Tukaiandika mistari ile upya kwa kukumbuka, yeye akisoma, mimi nikichapa, huku simu ya mteja ikilia mezani. Hakunifokea. Sauti ya simu ile ninaisikia hadi leo.

3. Nakala kwa cp kabla ya kugusa, nginx -t baada ya kugusa, halafu reload, yaani Nginx isome mipangilio upya bila kuzimwa. Ukifanya reload na faili ni bovu, Nginx inaendelea na mipangilio ya zamani. Ukifanya restart, umeizima.

4. Msidharau edita ya mwenzenu. Kutwa nzima mimi niko VS Code, na kwa kazi ya mafaili mengi siiachi. Lakini zile h, j, k na l za kusogeza kishale ndani ya Vim, mnazozicheka, zina sababu: kwenye kibodi ya ADM-3A, terminali ya zamani ambayo Bill Joy aliitumia, mishale ilichorwa juu ya herufi hizo. Na fungueni Vim bila faili: mara nyingi inawaomba mwasaidie watoto maskini wa Uganda. Bram Moolenaar, aliyeitoa mwaka 1991, alijitolea Kibaale kusini mwa Uganda, akaendelea kuwachangia watoto wa huko hadi alipofariki mwaka 2023. Programu ya bure, na ombi lake ni la jirani zetu.

Kesho saa tatu nawataka wale wawili wa jana mezani kwangu. Wa VS Code ataanza na vimtutor, somo la mazoezi linalokuja na Vim, nusu saa inamtosha. Wa Vim atatafuta kosa kwa dibaga ya VS Code, kifaa cha kusaka makosa ya msimbo. Kila mmoja atakaa na edita ya mwenzake hadi saa sita, na chakula nitanunua mimi.